Viroboto wa paka na mbwa: anzia pale wanapolala

Mtu akiona paka wake anajikuna, jambo la kwanza ni kumkamata paka. Anamwosha, anampaka dawa, anamchana, kisha anamwachia arudi kwenye jamvi lilelile la ukumbini. Wiki mbili hazijapita paka anajikuna tena, na mwenyewe analalamika kwamba dawa za siku hizi ni maji matupu. Mara nyingi dawa ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni mahali pa kuanzia, maana viroboto unaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo ya viroboto ulio nao nyumbani. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila 100, kama 5 tu ndio wakubwa walioko mwilini mwa mnyama. Waliobaki 95 ni mayai, mabuu na vifuko vilivyotulia sakafuni, mchangani, uvunguni na bandani.

Nimeuandika mwongozo huu nikizifikiria nyumba zetu za Tanga: nyumba ya Ngamiani yenye ukumbi katikati na uani nyuma, kuku wanaingia na kutoka, na paka ni wa mtaa mzima, au kiwanja cha Pongwe au Mwambani chenye mbwa wa kulinda, mbuzi wawili watatu na banda la kuku pembeni. Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye paka mmoja anayefungiwa ndani, tena juu ya zulia. Ukiufuata kama ulivyo, utatumia pesa na viroboto watabaki.

Wanavyosambaa

Kiroboto anayewasumbua paka na mbwa wengi ni wa aina moja, kiroboto wa paka. Huyo huyo humpanda mbwa, mbuzi, ndama na sungura, na binadamu humuuma miguuni. Jike akishapata damu kwa mara ya kwanza huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na akishakolea hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye nywele. Hudondoka kila paka anapojinyoosha, anapojikuna, anaporuka kutoka dirishani. Majike 10 tu kwenye paka mmoja ni mayai 400 kwa siku, na mengi huanguka pale anapolala kwa muda mrefu zaidi.

Yai huanguliwa baada ya siku moja hadi kumi. Anayetoka ni buu mwembamba, mweupe, anayekimbia mwanga. Hushuka kwenye nyufa za sakafu, chini ya jamvi, ndani ya mchanga wa kivulini. Chakula chake kikubwa ni kinyesi cha viroboto wazima, yaani damu iliyokauka, ambayo hudondoka mahali palepale yalipodondoka mayai. Akishakua hujifunga kwenye kifuko chenye utando unaonata, kikashika mchanga na vumbi mpaka huwezi kukitofautisha na uchafu wa kawaida. Humo ndani kiroboto anaweza kukaa wiki moja au mbili akatoka, au akangoja hata miezi mitano bila kula chochote. Kinachomtoa ni joto la mwili, mtikisiko wa hatua na pumzi ya kiumbe aliyekaribia. Akisikia hivyo, anatoka na kuruka.

Hali inayowafaa zaidi ni joto la nyuzi kama 27 na unyevu wa asilimia kama 75. Hiyo ni hewa ya pwani yetu karibu mwaka mzima. Mzunguko mzima, kutoka yai hadi kiroboto anayetafuta damu, unaweza kwisha kwa wiki tatu. Wenzetu wa nchi za baridi hupumzika miezi kadhaa. Sisi hatuna mapumziko, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, viroboto huongezeka kwa sababu mchanga wa kivulini haukauki.

Sasa suala la kuambukizana. Kiroboto mkubwa akishampata mnyama hupenda kubaki hapohapo. Wanyama wakilala wamegusana, hasa mama na watoto wake, wapo watakaohama. Lakini njia kubwa ni mahali pa pamoja. Paka wa jirani analala mchana juu ya gunia la mkaa uani kwako, anadondosha mayai, anaondoka zake. Wiki tatu baadaye paka wako anajilaza juu ya gunia lile na kuondoka na viroboto. Wale paka wawili huenda hawajawahi hata kuonana.

Ndiyo maana mnyama mmoja anayetiwa dawa peke yake kwenye nyumba yenye wanyama watano hapati nafuu ya kudumu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni viroboto

Usinunue dawa kabla ya kujua unapambana na nani. Kupe amejishikiza ngozini, hatembei, na akishiba hutuna. Chawa hutembea polepole na mayai yake hung'ang'ania kwenye nywele. Utitiri wa kuku ni vidudu vidogo sana, unavisikia vinatambaa kuliko unavyoviona. Kiroboto ni wa kahawia, amebanwa ubavu kwa ubavu, urefu wake ni milimita 1 hadi 3, na ukimfunulia manyoya hukimbia mara moja.

Tafuta kitana chenye meno yaliyobanana, kile cha kutolea chawa. Mlaze mnyama juu ya shuka nyeupe, umchane kuanzia kiunoni kuelekea mkia, halafu shingoni na tumboni. Weka bakuli la maji yenye sabuni pembeni na uchovye kitana humo kila mara, viroboto wafie humo. Usiwaminye kwa kucha.

Ukipata chembe nyeusi kama punje za pilipili manga iliyosagwa, zidondoshee maji kidogo kwenye kitambaa cheupe. Zikiacha rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu, na viroboto wapo hata kama hujamwona mmoja. Kwa paka kipimo hiki ni cha maana sana, kwa sababu paka msafi hujilamba na kuwameza viroboto wake. Unaweza kumchana usipate kitu, na huku ngozi ya mgongo imejaa vipele.

Mwangalie na fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi. Zikiwa zimepauka karibu na weupe, hasa kwa kitoto cha paka au cha mbwa, amenyonywa damu nyingi. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Vitoto hufa kwa viroboto, na hufa haraka kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nyumba yenyewe, vaa soksi nyeupe ndefu utembee taratibu uvunguni, kandokando ya ukuta, karibu na banda na chini ya ngazi. Kiroboto anaweza kuruka kama sentimita 20 kwenda juu, kwa hiyo watakuja kwenye vifundo vya miguu na utawaona wazi juu ya kitambaa cheupe. Watoto wakiwa na vipele vinavyowasha miguuni tu na si mabegani, hiyo nayo ni dalili.

Hatua ya 2: Tafuta malazi yote

Hatua hii huonekana kama ya kupoteza muda, na mimi naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kabla ya kushika dawa, mfuatilie mnyama siku mbili. Analala wapi asubuhi jua likiwa kali? Mchana je? Usiku? Paka ana vituo vitatu au vinne anavyovizunguka: juu ya kabati la nguo, kwenye gunia, kwenye tenga lililopinduliwa jikoni, chini ya baraza. Mbwa ana shimo lake alilolichimba kwenye kivuli cha mwembe au ukutani upande usiopigwa jua. Kila kituo ni kitalu cha mayai.

Waulize na majirani, kwa sababu wao huona usichokiona. Mazungumzo ni mepesi:

"Shikamoo, bibi. Kesho natia dawa paka wangu na kusafisha uani. Yule wa manjano analala kwako au kwangu?"

"Marahaba, mwanangu. Huyo halali kwako wala kwangu. Analala ndani ya ile ngalawa ya mjomba wako, iliyopinduliwa pale kwenye mkungu."

Umeshajua mahali ambapo usingepafikiria, tena jirani ameshajua kuna kazi inafanyika na huenda akaingia naye. Andika orodha. Ukianza kusafisha, utapita kila mahali ulipoandika.

Hatua ya 3: Wanyama wote, siku moja

Chagua siku moja, wanyama wote wa kiwanja watibiwe siku hiyo. Akiachwa mmoja, ndiye atakayelisha viroboto watakaoanguliwa kesho.

Paka. Hapa nataka uwe makini kuliko mahali pengine pote. Mwili wa paka hauwezi kuvunja baadhi ya sumu ambazo mbwa na ng'ombe huzistahimili. Dawa za kundi la permethrini, ambazo zimo kwenye nyingi za kuogeshea mifugo, kwenye dawa za mbwa na kwenye dawa nyingi za wadudu za nyumbani, zinaweza kumwua paka. Amitrazi, inayotumika sana kwa kupe wa ng'ombe, nayo si ya paka. Kwa hiyo ukienda duka la dawa za mifugo, usiseme "nataka dawa ya viroboto" ukanyamaza. Sema ni ya paka, sema uzito wake na umri wake, na usiondoke mpaka uone kwenye lebo imeandikwa ni ya paka. Zinazofaa ni kama zile za matone zenye fipronili, selamektini au imidaklopridi, zilizotengenezwa kwa kipimo cha paka. Kichupa cha mbwa mkubwa usikigawe kwa paka wanne ili kupunguza gharama. Hata pale kiambato kinapofanana, kipimo ni tofauti, na nyingine zimechanganywa na permethrini.

Uzito unapatikana kirahisi: panda kwenye mizani peke yako, kisha panda umembeba paka, toa tofauti. Tawanya manyoya chini ya kisogo, kati ya mabega, mpaka uone ngozi, udondoshe dawa juu ya ngozi yenyewe. Pale hawezi kujilamba. Kama wako paka wawili watenganishe mpaka dawa ikauke, wasilambane. Usimwoshe siku mbili kabla na siku mbili baada ya dawa.

Paka akianza kutetemeka, kutokwa na povu, kuyumba au kupata degedege baada ya kupakwa kitu chochote, mwoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunge kwenye taulo kavu asipate baridi, mkimbize kwa daktari ukiwa na kopo la dawa mkononi. Daktari akijua ni sumu gani anaokoa muda.

Mbwa. Zipo dawa za matone, zipo za vidonge, zipo za kuogeshea. Ukichagua kuogesha, anza na pete ya povu shingoni kabla ya kulowesha mwili. Kiroboto akiguswa na maji hukimbilia kichwani, na ile povu humzuia asifike masikioni na machoni. Dawa ya kuchanganya na maji pima kwa kipimo kilichoandikwa. Kuongeza dawa "ili ifanye kazi zaidi" humchoma mbwa ngozi na kumlewesha, wala haiui kiroboto mara mbili. Vaa glovu, fanyia uani penye hewa, na maji yaliyobaki usiyamwage kwenye mfereji unaoelekea baharini au kisimani, kwa sababu dawa hizi huua samaki kwa kiwango kidogo sana. Kwa familia ambazo mbwa haingii ndani, kazi yake ni rahisi zaidi: malazi yake ni machache na unayajua. Msifanye kosa la kumsahau kwa sababu yuko nje. Viroboto wake huingia ndani wakiwa juu ya paka.

Vitoto vya chini ya wiki 8. Dawa nyingi haziwafai. Wachane kwa kitana asubuhi na jioni, waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, wakaushe vizuri, na ubadilishe kitambaa chao kila siku. Mtibu mama yao kwa dawa ambayo daktari amekuhakikishia inamfaa anayenyonyesha.

Mbuzi. Mbuzi wanaolala penye mchanga wa kivulini hupata viroboto haohao wa paka, na wana-mbuzi huishiwa damu. Waogeshe kwa dawa ya mifugo kama afisa mifugo wa kata atakavyokuelekeza, na hapo ndipo dawa ya mifugo ilipo mahali pake.

Kuku. Kuku ana kiroboto wa kwake, yule anayejichomeka usoni kuzunguka macho, upanga na ndevu, akabaki hapo kama vichembe vyeusi vilivyobanana. Huyu humpanda paka na mbwa pia, na utamkuta kwenye kingo za masikio. Ukimwona paka ana vidoa vyeusi visivyotembea masikioni, nenda kakague banda. Pakaza mafuta ya mgando juu ya viroboto waliojishikiza kwa kuku. Hukosa hewa na kufa. Usivinyofoe kwa nguvu karibu na jicho. Vifaranga waangalie kwanza, wao ndio hufa.

Sungura. Asipakwe fipronili kabisa. Ni sumu kwake. Muulize daktari.

Vitu vya kuachana navyo

Mafuta ya taa huchoma ngozi, na mnyama akiyalamba yanaingia mapafuni. Oili chafu ya gari ni sumu, na bado kuna watu wanawapaka mbwa. Vitunguu saumu kwenye chakula haviwafukuzi viroboto, na kwa paka huharibu chembe za damu. Kafuri na vile vidonge vyeupe vya kabatini visiwekwe kwenye malazi ya paka. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe si dawa ya viroboto, na kipimo cha kukisia kwa mnyama mdogo kinaweza kumwua. Mwarobaini tunao kila mtaa, na maji ya majani yake wengi huwaogeshea mbwa bila madhara, ila msitegemee hayo peke yake nyumba ikishajaa, na mafuta yake mazito msimpake paka.

Hatua ya 4: Malazi na sakafu

Siku hiyohiyo wanyama wanapotiwa dawa, chukua orodha yako.

Kila kitambaa, foronya, gunia na kirago kinachoweza kuoshwa kiloweke kwenye maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, yaani maji ambayo mkono hauvumilii. Gunia kuukuu la mkaa au la pumba lichome moto, usilihurumie. Majamvi na mikeka itoe nje, ikung'ute mbali na nyumba, iweke kwenye jua kali tangu asubuhi hadi alasiri, pande zote mbili. Mabuu hayavumilii jua wala ukavu. Magodoro yasimamishe juani.

Kisha fagia. Fagia uvunguni, nyuma ya kabati, pembe za ukumbi, chini ya ngazi, kwenye nyufa. Tumia kijiti au msumari kuchokoa nyufa za sakafu, maana ufagio unapita juu tu. Takataka usizirundike uani. Zitie kwenye mfuko, ufunge, uchome au uanike juani mfuko ukiwa umefungwa. Rudia kufagia hivyo kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, na kila baada ya siku mbili kwa wiki nyingine mbili. Kufagia kunaondoa mayai na chakula cha mabuu, lakini kuna faida nyingine: ule mtikisiko huwatoa waliongoja kwenye vifuko, wakatoka na kukutana na mnyama mwenye dawa.

Nyufa kubwa zizibe kwa saruji. Sakafu ya udongo inyunyize maji kidogo, ishindilie, iwe ngumu na laini, isibaki na vumbi la kujifichia.

Dawa ya kunyunyizia ndani ni ya ziada, itumie nyumba ikiwa imejaa. Bora ukipata yenye kiambato cha kuzuia ukuaji wa mabuu, kama pairiproksifeni au methoprini, kwa sababu inafanya kazi kwa wale 95. Watoe nje watu, paka, kuku, na ndege kama unaye. Funika vyombo, mapipa ya maji na chakula. Nyunyiza uvunguni na pembeni, siyo juu ya kitanda. Watu na wanyama wasirudi mpaka pakauke kabisa na hewa ipite. Nyingi ya dawa hizi zikiwa mbichi humdhuru paka anayezikanyaga na kujilamba nyayo.

Nakuomba uzingatie hili: hakuna dawa ya kunyunyizia inayopenya vizuri kwenye kile kifuko. Kwa hiyo wiki mbili, tatu, hata nne baada ya kazi yote hii utaona viroboto wapya. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakabadilisha dawa, au wakarudia dozi kabla ya wakati wakamlewesha mnyama. Ni wale waliokuwa vifukoni wanaotoka. Endelea kufagia, dawa ya mnyama irudiwe kwa tarehe yake tu, na idadi itapungua wiki hadi wiki.

Hatua ya 5: Uani na banda

Mahali pa kushughulikia ni pale penye kivuli, mchanga mlaini na mnyama anayelala. Mchanga mweupe unaopigwa jua kutwa hauna shida, usipoteze nguvu huko. Punguza matawi yaliyoinama, ondoa rundo la makuti na mbao chakavu, jua lifike. Chini ya baraza kokoa mchanga wa juu, uanike. Ngalawa iliyopinduliwa igeuzwe siku moja, jua liingie.

Mbwa mtengenezee kichanja cha mbao kilichoinuliwa kama futi moja kutoka chini, kinachofagilika chini yake. Shimo lake la zamani lifukie na uliwekee mawe, la sivyo atarudi. Kuku wahamishie kwingine siku moja, toa matandiko yote ya banda uyachome, na uache banda wazi juani. Wafugaji wengi hutia majivu makavu kwenye viota na mahali kuku wanapojifukia vumbi, ni desturi nzuri na haina gharama. Ila banda liwe mbali na mlango wa jikoni, na paka asilale humo.

Hatua ya 6: Panya, kwa utaratibu

Panya ana viroboto wake, na paka anayewinda hukutana nao. Kuna jambo mkoa wetu unalifahamu kwa uchungu. Wilaya ya Lushoto ilipata milipuko ya tauni kuanzia 1980, na ugonjwa ukawa unarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Tauni husafiri kwa viroboto wa panya. Panya akifa na kupoa, viroboto wake humhama na kutafuta mwili mwingine wenye joto, na wa karibu ni paka, mbwa au mtu aliyelala chini.

Kwa hiyo usianze kwa kumwaga sumu ya panya. Anza na viroboto: wanyama wawe na dawa tayari na nyumba iwe imefagiliwa. Kisha tumia mitego, uziba matundu, funika nafaka. Sumu ya panya inaweza kumwua na paka anayekula mzoga, kwa hiyo mimi siishauri penye paka. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Mfunike kwa mfuko, umzike au umchome. Ukiona panya wengi wanakufa wenyewe bila mtu kutia sumu, toa taarifa kwa afisa afya mara moja, hasa kama uko milimani. Na mtu akipata homa kali ya ghafla pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye mitoki, kinenani au kwapani, baada ya kuwa maeneo hayo, aende hospitali saa hiyo na aeleze alikotoka.

Hatua ya 7: Paka wa mtaa

Tanga paka ni wengi, na wengi tunawalisha bila kuwamiliki. Wanaoshinda soko la samaki la Deep Sea hawana mtu wa kuwatia dawa, na hawana kosa. Kuwafukuza hakusaidii, nafasi ya mmoja huchukuliwa na mwingine. Kinachosaidia ni majirani wa nyumba nne au tano kuchangia dawa ya matone kwa paka wanaozunguka hapo, siku moja, na mmoja wenu anayezoeleka na paka awe ndiye mdondoshaji wakati wa kula. Asiyeshikika muwekee mahali pake pa kulala panapofagilika: boksi lenye kitambaa kimoja unachokiosha kwa maji ya moto kila wiki. Mayai yataanguka humo badala ya uvunguni kwako.

Hatua ya 8: Minyoo ya tegu, na miezi inayofuata

Viroboto hubeba tegu. Mnyama akimmeza kiroboto mwenye buu la tegu, baada ya wiki chache utaona vipande kama punje za mchele karibu na mkundu au kwenye matandiko yake. Mtoto mdogo anayecheza sakafuni naye anaweza kuambukizwa akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya. Muulize daktari dawa yenye prazikwanteli kwa mnyama, na uitoe wakati uleule wa kutibu viroboto, maana viroboto wakibaki tegu atarudi. Mtoto akionekana na vipande hivyo, apelekwe kituo cha afya.

Dawa ya matone rudia kila mwezi kwa miezi mitatu angalau, wanyama wote pamoja. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya hapo kitana kila wiki kinatosha kukuonya, isipokuwa masika. Mimi ningeanza dawa mwishoni mwa Februari na kuendelea hadi mvua zimalizike, hata kama sijaona kiroboto.

Mnyama mgeni, awe kipaka ulichopewa, mbwa kutoka shambani au mbuzi wa kufuga, achanwe na atibiwe kabla hajachanganyika na wenzake. Mbuzi wa kuchinjwa, kama wa Idi, usimpake dawa. Mfunge mbali na malazi ya paka, na ufagie alipolala baada ya kumchinja.

Nyumba iliyofungwa mwezi mzima wakati mmesafiri ina shughuli yake. Vifuko vyote vilikuwa vinangoja hatua za mtu, na siku mnayorudi viroboto hutoka kwa pamoja, wakawavamia kuliko siku yoyote mliyowahi kuwa nao. Wanyama na watoto wabaki nje kwanza. Aingie mtu mzima mmoja, suruali imechomekwa kwenye soksi, afungue madirisha, afagie kwa vishindo vyumba vyote, atoe majamvi juani. Viroboto wakishatoka vifukoni, nyunyiza dawa, pakauke, ndipo paka aingie, akiwa ametiwa dawa yake tangu siku iliyotangulia.